Namna ya kusoma bakuli la kale la Kichina lililochongwa nakshi

Mzee mmoja aliyekuwa akitunza magofu ya pwani alinipa kigae cha kijani, kidogo kuliko kiganja changu, akaniuliza naona nini. Nikamjibu naona kijani, basi. Akakimwagia maji kidogo, akanivuta mpaka penye jua la saa kumi na moja jioni, akakilaza mkononi mwake. "Usikitazame usoni, mwanangu. Kitazame ubavuni." Papo hapo likajitokeza ua. Petali tatu, bua linalopinda, na mistari midogo ya mishipa ya jani, vyote vimekatwa kwa kisu na mtu aliyekufa zamani sana.

Kigae kile asili yake ni Longquan, kusini mwa jimbo la Zhejiang, nchini China. Kilifika kwetu bandari kwa bandari, mkononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Vya namna yake vimetapakaa kwenye miji ya kale ya pwani: Kilwa, Gedi, Manda na Shanga. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alitembea pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema hajapata kuona vigae vingi vya Kichina kama alivyoviona katika wiki zile mbili, vya kuzolewa kwa sepetu.

Watu wengi wakisikia kauri ya Kichina hukumbuka sahani nyeupe zenye michoro ya buluu. Hizo ni nzuri, na hujionyesha zenyewe ukiwa ungali mlangoni. Kauri iliyochongwa haina rangi ya pili ya kukusaidia. Ua na ardhi yake ni rangi ileile moja, na kinachovitenga ni kina cha mkato tu. Kwa hiyo usomaji wake una utaratibu: kwanza mwanga, kisha kidole, na mwisho sikio. Sikio nalo lina kazi kubwa kama utakavyoona, maana alama nyingi za Kichina husomwa kwa sauti ya jina lake. Mwongozo huu ni kwa vyombo vya enzi za Song (960–1279), Jin (1115–1234), Yuan (1271–1368) na Ming (1368–1644), iwe unacho mkononi au unakitazama nyuma ya kioo cha makumbusho.

Hatua ya 1: Andaa mikono na meza

Vua pete, saa na bangili. Nawa mikono uikaushe vizuri. Glavu za pamba huteleza kwenye kauri, kwa hiyo mikono mitupu iliyo safi ndiyo salama zaidi. Tandika taulo nene mezani, ukae, na usikiinue chombo mbali na meza. Kishike kwa mikono miwili, mmoja ubavuni na mwingine chini ya kitako. Usikiinue kwa kushika ukingo, hata kikiwa kinaonekana kigumu kama jiwe. Ukingo wa bakuli la miaka mia nane huenda ulishawahi kuunganishwa, na gundi ya zamani huachia bila taarifa.

Tafuta taa moja ndogo. Tochi ya simu inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Laza mwanga

Zima taa ya darini. Weka tochi kando ya bakuli, usawa wa ukingo, ili mwanga upite kwa hanamu juu ya uso wa ndani. Sasa izungushe tochi polepole, bakuli likae palepale. Mwanga ukitoka kulia utaona upande mmoja wa petali umeingia kivulini, na ukitoka kushoto upande wa pili ndio unaozama. Kuna mistari ambayo haitaonekana kabisa mpaka tochi ifike pembe yake.

Kwenye makumbusho huwezi kusogeza taa, basi jisogeze wewe. Chuchumaa mpaka jicho lifike usawa wa rafu, kisha tembea taratibu kutoka upande mmoja wa kabati kwenda mwingine. Watu watakushangaa. Waache.

Jambo moja la kujizuia nalo hapa: usitaje jina la ua bado. Ukishasema "hili ni yungiyungi", jicho linaacha kutazama na kuanza kukubaliana nawe. Kaa dakika kumi na mistari peke yake.

Hatua ya 3: Mtafute fundi kwenye mkato

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu mkato unakueleza kazi ilifanywaje, na mara nyingi ilifanywa wapi.

Fundi hakuchonga udongo mbichi, wala hakuchonga udongo mkavu. Alingoja bakuli lililotoka kwenye gurudumu likauke nusu, lifikie hali ambayo kidole hakizami tena lakini kisu bado kinapita bila kumegua. Muda huo haukai sana. Akichelewa udongo unavunjika ukingoni mwa mstari, akiwahi unavutika na kujikunja. Kwa hiyo mistari unayoiona ilikatwa kwa mwendo wa haraka na mkono usiositasita, na ukitazama vizuri utaona pale kisu kilipoingia, pale kilipoongeza uzito, na pale kiliponyanyuliwa.

Kuna njia nne za kuzitofautisha. Ya kwanza ni kuchonga kwa kisu cha hanamu. Mabingwa wa njia hii walikuwa mafundi wa Yaozhou, kwenye mji wa Huangbao, ambao leo uko ndani ya Tongchuan, jimbo la Shaanxi. Fundi wa Yaozhou alikata mara mbili kwa kila petali. Mkato wa kwanza ulishuka wima kufuata ukingo wa petali. Wa pili uliingia kwa kulala kutoka nje, ukakutana na ule wa kwanza chini na kuondoa ukanda wa udongo. Kinachobaki ni mfereji wenye ukuta mmoja wima na mmoja wa mteremko, na petali inaonekana imeinuka ingawa hakuna udongo wowote ulioongezwa. Pitisha ncha ya kidole: upande mmoja kitakwama, upande mwingine kitateleza kama kinapanda ufuko wa mchanga. Ukiuhisi mfereji wa namna hii chini ya glezi, yaani utando wa kioo, ya kijani cha zeituni, umeshafika mbali katika kulitambua bakuli lako.

Ya pili ni kuchora kwa ncha kali, mstari mwembamba wenye kina kilekile pande zote. Mara nyingi hufuatana na kitana, kifaa chenye meno kinachopiga mistari mitano, sita au zaidi kwa mpigo mmoja. Mishipa ya jani, nywele za mawimbi na manyoya ya bata vilifanywa hivyo. Hesabu meno katika wimbi moja, kisha hesabu katika wimbi la jirani. Kama idadi na nafasi zinalingana, ni kitana kilekile katika mkono uleule, na mimi huwa nafurahi kila mara ninapolipata hilo, kama mtu aliyepata alama ya kidole cha fundi.

Ya tatu ni kugandamiza kwa kalibu. Fundi alichonga nakshi mara moja kwenye kalibu ya udongo uliochomwa, kisha akakandamizia mabakuli mengi juu yake. Nakshi ya kalibu hujaa uso wote, imepangika sawasawa, na mistari yake ina ncha laini za mviringo badala ya makali ya kisu. Joko (tanuri la kuchomea vyombo) la Ding, wilaya ya Quyang katika jimbo la Hebei, lilianza kwa kuchonga kwa mkono na baadaye likaegemea sana kalibu. Usiidharau. Kalibu nzuri ilichongwa na fundi hodari kuliko wote, na mabakuli ya Ding ya kalibu yana maelezo madogo ajabu. Lakini ni kitu kingine na mkato wa mkono, na msomaji anapaswa kujua anasoma kipi.

Ya nne ni kubandika. Samaki, joka au ua lilikandamizwa pembeni kwenye kalibu yake ndogo, likabandikwa kwenye sahani kwa udongo wa majimaji, kisha likafunikwa na glezi. Longquan waliipenda njia hii. Katika enzi ya Yuan waliwahi hata kuacha kipande kilichobandikwa bila glezi, kikageuka hudhurungi-nyekundu kwenye moto huku sahani yote ikibaki ya kijani.

Mara nyingi chombo kimoja kina njia mbili au tatu pamoja. Sahani ya Longquan yenye samaki wawili waliobandikwa katikati huwa na petali zilizochongwa kwa kisu upande wa nje.

Hatua ya 4: Tazama glezi ilipotuama

Glezi ni ule utando wa kioo unaofunika udongo. Kwenye kauri ya kijani rangi yake inatokana na chuma kidogo sana, kiasi cha asilimia 1 hadi 3, kilichochomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200 katika moto ulionyimwa hewa. Moto ukipata hewa nyingi, chuma kilekile kinatoa manjano au kahawia. Ndiyo maana mabakuli mawili ya joko moja, yaliyokaa hatua chache tu mbalimbali, yaliweza kutoka tofauti kabisa.

Kwa kazi iliyochongwa, glezi ndiyo wino. Inapoyeyuka hutiririka na kutuama kwenye mifereji. Palipo na kina inakusanyika na kuwa nzito, palipo juu inakuwa nyembamba na kufifia. Kwenye mfereji wa Yaozhou utaona kijani kizito kando ya ukuta wa wima, kikipauka kidogo kidogo kadiri mteremko unavyopanda. Petali moja ina kivuli chake ndani, na kivuli hicho hakiondoki hata ukihamisha taa. Fundi alikijua kabla hajakata. Alikuwa anachonga akifikiria kimiminika ambacho bado hakijamwagwa.

Majoko hayakuitumia glezi kwa namna moja. Ding waliacha glezi nyembamba ya rangi ya pembe ya ndovu ili hata mstari wa ncha ubaki wazi, na upande wa nje utakuta michirizi kama machozi yaliyokauka. Mafundi wa Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, walitengeneza aina iitwayo qingbai, weupe wenye ubuluu wa maji ya kina kifupi, ambapo mkato unaonekana kama ufa wa samawati ndani ya barafu. Mji huo ulipata jina lake kutokana na jina la miaka ya utawala wa mfalme Zhenzong, Jingde, 1004 hadi 1007.

Longquan walikwenda njia yao. Katika enzi ya Song ya Kusini (1127–1279) walipaka glezi tabaka juu ya tabaka, wakitafuta unene na utulivu wa jiwe la jade. Glezi nene namna hiyo humeza mstari mwembamba, kwa hiyo mafundi wakapunguza maneno: petali pana tu upande wa nje, kila moja na mgongo wake katikati, ambapo glezi inakonda na kuacha mstari mweupe. Baadaye, katika Yuan na Ming, glezi ilipopungua unene na kuangaza tena, maua yaliyochongwa yakarudi ndani ya sahani kubwa, nyingine zikivuka kipenyo cha sentimita 40.

Kuna pia nakshi iliyofichwa makusudi. Katika enzi ya Ming, wakati wa mfalme Yongle (1403–1424), Jingdezhen walitengeneza vyombo vyeupe vyenye nakshi iitwayo anhua, yaani pambo la siri. Ukikishika mbali ni cheupe tupu. Ukikiinua mbele ya mwanga, joka au maua yanaelea ndani ya weupe.

Hatua ya 5: Geuza, soma kitako na ukingo

Shusha bakuli kichwa chini juu ya taulo. Kitako cha Longquan mara nyingi kina udongo wa kijivu uliogeuka wekundu wa matofali pale usipofunikwa na glezi, kwa sababu chuma kilichomo kilikutana na hewa moto ulipopoa. Sahani kubwa za Ming zina pete isiyo na glezi upande wa chini, alama ya kigoda ilichokalia ndani ya joko.

Ding utaitambua kwa ukingo. Kuanzia karne ya 11 waliyachoma mabakuli yakiwa yamefudikizwa, yamepangwa moja juu ya jingine ndani ya vishikio vya ngazi, ili joko lile lile libebe mengi zaidi na kuta nyembamba zisipinde. Kwa sababu hiyo ukingo uliachwa bila glezi, ukakwaruza mdomo, na wamiliki wakauvika ukanda wa shaba, fedha au dhahabu.

Hatua ya 6: Sasa taja ua

Mimi mwenyewe kwa miezi mingi niliita peoni yungiyungi, na nilijiamini kabisa. Kwa hiyo nitasema taratibu.

Yungiyungi la Kichina si lile letu linalolala juu ya maji. Jani lake na ua lake vinainuka juu ya bwawa kwa bua refu. Kwenye nakshi utaona petali zenye ncha, mara nyingi na kitovu cha mbegu chenye matundu katikati, na jani kubwa lenye ukingo unaopinda kama mwavuli uliopigwa na upepo. Peoni ni ua la nchi kavu: limejaa, petali zake zimepangana safu juu ya safu na kingo zake zina mikunjo na michano, na majani yake yamegawanyika. Krisanthemumu lina petali nyingi nyembamba zinazotoka katikati kama miale. Ukikuta mawimbi ya kitana, tafuta samaki au bata ndani yake. Ukikuta mizabibu au matawi yanayojipinda, tazama kama kuna watoto wa kiume wenye mashavu manene wanaoning'inia humo.

Hatua ya 7: Lisome kwa sikio

Lugha ya Kichina ina maneno mengi yenye matamshi yanayofanana, na mafundi na wateja wao walilifanya hilo kuwa mchezo wa heri. Samaki ni yu, na yu nyingine ni ziada, kile kinachobaki ghalani baada ya watu kushiba. Yungiyungi ni lian, na lian nyingine ni kuendelea, kitu kuungana na kinachokifuata. Weka samaki kwenye bwawa la yungiyungi, na bakuli linatamka dua: mwaka baada ya mwaka usipungukiwe. Yangeyange ni lu, sauti ya neno njia. Akisimama kati ya mayungiyungi anamwombea kijana afaulu mitihani ya serikali mfululizo, mmoja baada ya mwingine, mitihani ambayo ndiyo iliyofungua mlango wa cheo. Popo ni fu, sauti ya baraka, na hapo utaelewa kwa nini mnyama ambaye kwetu hatamkaribishi sebuleni kapambwa kwenye sahani za sherehe, hasa za enzi za baadaye.

Alama nyingine hazihitaji sauti. Peoni ni utajiri na heshima. Bata mandarini wawili ni mume na mke wasioachana. Komamanga limejaa mbegu, basi ni uzao. Korongo na pichi ni umri mrefu. Msonobari, mwanzi na plamu ni marafiki watatu wa majira ya baridi, kwa sababu havikimbii baridi. Joka ni la kuangaliwa kwa makini: usiliite la kifalme kabla hujahesabu kucha, maana lile la kucha tano ndilo ambalo ikulu za Yuan na Ming zilitaka kubaki nalo.

Yungiyungi lina tabaka jingine. Katika dini ya Kibudha ni usafi. Mwanafalsafa wa enzi ya Song, Zhou Dunyi (1017–1073), alilipenda kuliko maua yote kwa sababu linatoka matopeni bila kuchafuka, na wasomi wengi wakaliona kama sura ya mtu mwadilifu. Ukichukua bakuli la Longquan lenye petali kulizunguka nje na kulitazama kutoka chini, utaona kwamba si bakuli lenye picha ya ua. Bakuli zima ndilo ua, na ulichotia ndani kimekaa moyoni mwake.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Sisi tumezoea kusoma milango ya Lamu na Unguja, na wazee wametusimulia kuwa samaki kwenye mwimo ni uzao na mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Tabia hiyohiyo ya jicho inahitajika. Ila nina onyo moja, nalo nalisema kwa uzito: usilazimishe. Michezo hii ya sauti ilishamiri zaidi katika Ming na baadaye. Bakuli la Yaozhou la karne ya 11 lenye peoni huenda lilichongwa peoni kwa sababu mwezi ule peoni zilikuwa zimechanua na watu walizipenda. Uzuri nao ni sababu ya kutosha.

Hatua ya 8: Uliza lilikaa wapi

Maana ya chombo hubadilika kinapohama nyumba. Joko la Longquan halikuwa na habari za kibla, lakini vyombo vya Kichina vilipandikizwa kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Gedi, na kwenye nguzo za makaburi ya Mambrui na Kunduchi. Bwawa la yungiyungi lililotengenezwa kwenye nchi yenye Wabudha lilikubalika bila shida kwenye ukuta wa Waislamu, kwa mng'ao wake na kwa heshima ya kutoka mbali. Nyumba za Lamu zilikuwa na vidaka ukutani, safu juu ya safu, na kauri ilikaa humo. Na lugha imeshika kumbukumbu nyingine: kombe ni sahani kubwa, na kombe pia ni ile dawa ya aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Chombo na tiba vina jina moja.

Si pwani yetu tu. Jumba la Topkapı mjini Istanbul lina zaidi ya vyombo elfu moja vya kijani vya Kichina, na huko ilisimuliwa kuwa sahani ya namna hiyo hubadilika ikiwekewa chakula chenye sumu. Petali zilezile, maana nyingine kabisa.

Kwa hiyo unapoandika maelezo ya chombo, andika mambo mawili kwa mistari tofauti: aliyekichonga alikusudia nini, na aliyekitumia alikifanya nini. Ukivichanganya utamwandikia Mswahili wa karne ya 15 mawazo ya msomi wa China.

Hatua ya 9: Ukikuta kigae, au ukiuziwa bakuli

Kigae ukikikuta kwenye magofu au ufukweni karibu na magofu, kipige picha kikiwa palepale, weka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, kisha kiache. Kigae kilichookotwa kimepoteza tabaka lake la udongo, na tabaka ndilo linalowaambia wanaakiolojia ukuta wa jirani ulijengwa lini. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, vigae vya Kichina vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomsaidia kupanga umri wa nyumba. Isitoshe, mambo ya kale yanalindwa na sheria, Tanzania kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Makaburi ya nguzo yana mashimo ya mviringo ambamo zamani palikuwa na mabakuli. Ukisimama mbele ya mashimo hayo utaelewa kwa nini ninalisema hili bila kulegeza.

Ukiuziwa, rudi hatua ya 3. Longquan na Yaozhou zinatengenezwa mpaka leo, na kazi nyingi ni za halali na nzuri. Ufundi wa kuchoma kauri ya kijani ya Longquan uliingizwa hata kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2009. Tatizo ni ile inayouzwa kama ya kale. Tazama kama mkato una kuingia na kutoka kwa kisu, au kama petali zote zimefanana kama zilizopigwa muhuri. Tazama kitako: uchakavu wa kweli haulingani, uko zaidi pale chombo kilipoburutwa, na uchafu wa kupakwa hujaa kila kona sawasawa. Uso uliofifishwa kwa tindikali unakosa uhai wote kwa pamoja, ilhali chombo kilichotumika kina mikwaruzo katikati na mng'ao pembeni. Muuzaji akikuhimiza uamue leo, rudisha bakuli mezani.

Hatua ya 10: Chonga petali moja

Hii ndiyo hatua ninayomwomba kila mtu asiiruke. Chukua udongo wa mfinyanzi, uukandamize uwe bapa la unene wa vidole viwili, uuache kivulini mpaka kidole kisizame. Chora umbo la petali kwa ncha ya mwanzi. Kata ya kwanza wima, kufuata ukingo. Kata ya pili kwa hanamu kutoka nje, taratibu, kisu kikiwa kimelala karibu na udongo, mpaka ukanda unyanyuke wenyewe. Utakatika mara ya kwanza. Kata nyingine. Kisha chukua kitana cha zamani, vunja upate meno matano, uyapitishe ndani ya petali kwa mpigo mmoja wa mkono.

Acha likauke kabisa. Paka mafuta ya kula kidogo ili udongo usinyonye, kisha mimina chai ya rangi, nzito, ijae mifereji. Laza tochi kando. Chai imekuwa nyeusi kwenye ukuta wa wima, hudhurungi katikati ya mteremko, na juu kabisa ya petali imebaki njano nyembamba inayopitisha mwanga.